Nilimpa Mwanangu Dawa ya Mafua Wakati Hakuwa na Mafua

Siku ya sendofu ya mdogo wangu nilimpa mwanangu dawa ya mafua. Hakuwa na mafua. Hakuwa anakohoa, hakuwa na homa, alikuwa amekaa zake chini sebuleni anazungusha kifuniko cha sufuria. Nilimpa kwa sababu nilitaka alale, ili na mimi nikae ukumbini kama watu wengine.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitaogopa kulifikia. Na najua kuna mama au baba ambaye amesoma hapo juu na tumbo limemkata, maana naye alishafanya, au alishawaza kufanya.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Nipo Sinza, nina kiti kimoja, kioo chenye taa na mabinti wawili wa kunisaidia. Jumamosi moja naweza kupamba nyuso nane, naanza saa kumi alfajiri. Ukiingia kwenye ukurasa wangu utaona kope, shela na watu wanacheka. Mwanangu hutamwona. Ana miaka mitano sasa, na sijawahi kumposti hata kisigino.

Nyumbani tunamwita Bosi. Jina alipewa na dada wa kazi, kwa sababu kila kitu kinafanyika anavyotaka yeye. Kikombe ni kile cha bluu tu. Chapati isikatwe. Njia ya kwenda dukani ni ile ya kupita kwa fundi cherehani, mkipita nyingine analala chini katikati ya barabara na hakuna wa kumnyanyua.

Alizaliwa vizuri, kilo tatu na nusu. Alikaa, akatambaa, akatembea. Akiwa na mwaka na miezi kama minne alikuwa anasema "mama" na "taa." Halafu maneno yakaondoka. Siyo kwa siku moja. Ilikuwa kama mpangaji anayehama kimyakimya, leo anatoa kiti, kesho kitanda, unakuja kushtuka nyumba tupu. Ukimwita jina haitiki. Lakini ukifungua pakti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, kwa hiyo siyo kwamba hasikii. Akaanza kutembea kwa vidole. Akaanza kupanga vizibo vya soda mstari mmoja mrefu, ukigusa kimoja umeharibu siku. Blenda ikiwashwa anaziba masikio na kupiga kelele kama mtu anayechomwa.

Na usingizi ukaisha. Saa nane usiku Bosi anaamka kama aliyesikia kengele, anacheka, anaruka kitandani mpaka saa kumi na moja. Umeme ukikatika ndiyo balaa zaidi, kwa sababu anapenda kuangalia feni ya juu ikizunguka, ikisimama anapiga kichwa ukutani. Kuna usiku nilisimama juu ya kiti gizani, nazungusha feni kwa mpini wa ufagio. Sasa hivi nacheka. Siku ile nilikuwa nalia.

Basi, maneno ya watu. Mama mkwe alisema hata baba yake alichelewa kuongea. Wifi akasema, "Umempa sana simu, ndiyo matokeo." Jirani akasema apelekwe akaombewe, tukampeleka. Kuna mzee mmoja alituambia mtoto amechezewa, akataka kuku mweusi na hela, tukatoa vyote. Hospitali ya kwanza tuliyoenda daktari hakumgusa hata mkono. "Watoto wa kiume huwa wanachelewa, subirini." Tukasubiri mwaka mzima.

Akiwa na miaka mitatu na nusu tukaenda kwingine. Yule daktari alivua viatu, akakaa sakafuni na Bosi karibu saa nzima. Akatuuliza maswali mengi, tangu ujauzito mpaka anavyokula. Halafu akasema: usonji.

Nikamwambia nataka kipimo cha damu. Akasema hakuna. Usonji hautambuliwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa, unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye. Hauambukizi. Ubongo wa mtoto unakua kwa njia yake, tofauti na wa wengine, na vinasaba vina mchango mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mimi ni mtu wa kumbi, nikapiga hesabu ya ukumbi. Harusi ya watu 500, ni kama watu wanne. Sasa mbona mimi sijawahi kumwona hata mmoja?

Jibu nililipata baadaye sana. Nilikuwa siwaoni kwa sababu hata wa kwangu nilikuwa nimemficha.

Wateja wakiniuliza kama nina mtoto nasema, "Ninaye mmoja, yuko kwa bibi yake." Yuko chumba cha pili, nimemfungia na dada wa kazi na katuni. Daladala niliacha baada ya siku moja Bosi alipopiga kelele kutoka Mwenge mpaka Ubungo. Konda akasema, "Mama, mfundishe mtoto adabu," na mama mmoja niliyekaa naye siti moja akahama. Nikaanza kupanda bajaji kila ninapokwenda, hela ikawa inakwisha barabarani. Kanisani nikaacha. Kutembelea watu nikaacha. Ndugu wakija, nasema mtoto amelala. Yaani nilikuwa na kazi ya kumlea Bosi, na juu yake kazi ya pili ya kuhakikisha hakuna anayejua.

Kuna usiku mmoja, Bosi akiruka kitandani, nikawa nasoma kwenye simu historia ya haya mambo. Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na baada ya hapo, kwa miaka mingi, wataalamu wazima na vyeti vyao waliamini mtoto anakuwa hivi kwa sababu mama yake ni wa baridi, hampendi. Waliwaita "mama friji." Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kupinga jambo hilo, na bado mwaka 1967 mtu anaitwa Bruno Bettelheim akatoa kitabu cha kulishikilia. Nilicheka peke yangu gizani. Kumbe wifi yangu wala hakuanza yeye. Sisi tumelaumiwa kabla hata simu hazijaja.

Baba Bosi naye akaanza kuchelewa kurudi. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nikajua tayari, ana mchepuko. Nilikuwa nimeshasoma mtandaoni kwamba ndoa 80 kati ya 100 zenye mtoto mwenye usonji zinavunjika, nikawa najiambia zamu yetu imefika. (Hiyo takwimu ni uzushi, jamani. Watafiti wa Kennedy Krieger kule Baltimore waliichunguza mwaka 2010 wakakosa ushahidi wake. Lakini mimi niliiamini miaka miwili.) Usiku mmoja nikatoka nje kutupa taka, nikakuta gari lake limepaki pembeni ya geti, taa zimezimwa. Yumo ndani peke yake. Hakuna mwanamke, hakuna simu, amekaa tu ameshika usukani.

Nikagonga kioo. "Unafanya nini hapa?"

"Najipanga kuingia."

Sikumjibu. Nilirudi ndani nikiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na wivu. Yeye ana gari la kujifichia. Mimi hata choo hakifungiki kwa ndani, Bosi alishavunja komeo.

Sasa sendofu. Mdogo wangu wa mwisho, tumeshiriki kitanda mpaka nimeolewa. Mama akanipigia wiki moja kabla. "Mwanangu, siku hiyo mtoto umwache nyumbani eh? Wakwe watakuwepo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuomba usisahau sahani. Ila dada wa kazi aliondoka siku mbili kabla, bila kuaga, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpamba bibi harusi. Baba Bosi alikuwa kwenye kamati ya vinywaji. Hakukuwa na wa kubaki.

Nikachukua ile chupa. Kijiko kimoja. Baada ya nusu saa bado anazungusha kifuniko. Nikaongeza cha pili. Nikaongeza na kidogo.

Alilala. Nikamlaza kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale ukumbini, juu ya khanga, nikamfunika na kijora changu. Nikampamba mdogo wangu, alitoka kama malkia. Nikaingia ukumbini. Nikala chakula cha moto, tena kwa uma. Nikacheza. Nikapiga picha na wakwe, nikaposti, laiki zilimiminika kuliko posti yoyote niliyowahi kuweka. Niliona komenti moja imeandikwa "Dada una amani usoni." Ni kweli, nilikuwa nayo. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Saa sita usiku nikaenda kumwamsha. Hakuamka. Nikamtikisa, kichwa kikaanguka upande. Midomo imekauka, anapumua kwa mbali. Nilipiga ukelele ambao dijei aliusikia.

Baba Bosi alimbeba mpaka kwenye gari. Hospitalini nesi akauliza, "Amekula nini? Amepewa dawa yoyote?" Baba Bosi akajibu haraka, "Hapana, hajapewa kitu." Alikuwa hajui. Nikabaki nimesimama na gauni langu la kushona na kope za bandia, nahesabu kichwani: nikisema, huyu mwanaume ananiacha. Nikisema, watu wa ustawi wa jamii wanamchukua mtoto. Nisiposema, anakufa.

Nikasema. Jina la dawa, vijiko vingapi, saa ngapi.

Baba Bosi alinitazama na hakusema neno. Wakamchukua Bosi, wakamwekea vipimo, wakawa wanamwangalia usiku kucha. Alfajiri alifungua macho, akatazama juu, akaona feni ya wodini inazunguka. Akatabasamu. Mimi nikakaa chini sakafuni.

Nesi wa zamu alikuwa mtu mzima, wa umri wa mama yangu. Alinigombeza kwanza, na nilistahili. Alisema dawa za mafua siyo za kumlazia mtoto, zikizidi zinaweza kumkatisha pumzi, na kwamba tatizo la usingizi linapelekwa kwa daktari, siyo kwenye kabati la dawa. Nawaambia na nyie kama alivyoniambia. Halafu akavuta kiti.

"Mama, na wewe. Mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?"

Nilijaribu kukumbuka nikashindwa. Baba Bosi, ambaye tangu saa saba alikuwa hajafungua mdomo, akajibu badala yangu.

"Hajalala tangu mtoto ana mwaka na nusu."

Kumbe alikuwa anaona. Miaka yote ile nilidhani haoni.

Hatukuwa na mazungumzo makubwa kama ya kwenye tamthilia. Kwenye gari, tukirudi, Bosi nyuma anang'ata mkanda, Baba Bosi akasema, "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku ni zangu. Wewe lala na mlango ufunge." Nikasema sawa. Ijumaa ya kwanza nililala saa tisa mfululizo. Niliamka nikadhani nimekufa.

Tulirudi kwa daktari aliyevua viatu, tukamwambia kila kitu. Akatupangia ratiba: kulala saa ileile kila siku, skrini zinazimwa mapema, taa hafifu, mambo yanafuatana vilevile bila kubadilishwa. Imesaidia kiasi. Bado kuna usiku wa saa nane. Ila sasa ni saa nane ya mtu mmoja, mwingine amelala.

Halafu nikamwambia mama yangu. "Mama, Bosi ana usonji. Siyo adabu, siyo pepo. Sitamficha tena." Akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekwisha. Akauliza, "Anapenda nini?" Nikasema vizibo vya soda. Wiki iliyofuata alikuja na mfuko umejaa. Mama yangu, mzee wa kanisa, alienda baa ya mtaani kwao mchana kweupe kuomba vizibo. Alisema mhudumu alimwonea huruma.

Na kuna mteja mmoja. Ni msanii, wengi mnamjua, na msinisumbue kutaka jina kwa sababu sitalitoa. Alikuja kupambwa kwa ajili ya kupiga picha. Nikiwa katikati ya jicho la pili, Bosi akatoka chumba cha pili, sikuwa nimefunga. Akaenda moja kwa moja kwenye brashi zangu, akaanza kuzipanga kwa urefu. Nikasubiri lile swali.

Yule dada akamwangalia kwenye kioo muda mrefu. Akasema taratibu, "Wa kwangu anapanga viatu."

Kope ilinidondoka mkononi. Ana mtoto wa miaka saba ambaye hamjawahi kumwona na hamjui kama yupo. Tulilia wote wawili, ikabidi nianze meikapu upya na sikumchaji mara ya pili. Siku ileile akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la akina mama kama thelathini na kitu. Kuna mwalimu, kuna mama lishe, kuna askari, kuna mke wa mtu mkubwa. Mtu anaandika tu, "Saa nane hii, nani yuko macho?" na wanajibu watano. Humo ndimo nilipojua kuna shule za serikali zenye kitengo cha watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto pale Ilala. Humo ndimo nilipoambiwa Shirika la Afya Duniani lina mafunzo maalumu kwa walezi, jinsi ya kucheza na kuwasiliana na mtoto, na ndani yake kuna sehemu ya mlezi kujitunza mwenyewe. Nilipoisikia hiyo sehemu ya mwisho nilimkumbuka yule nesi.

Sitaki kuwadanganya kwamba Bosi hachoshi. Anachosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison waliwahi kupima homoni ya stresi kwa akina mama wenye vijana na watu wazima wenye usonji, wakaikuta imekaa kama ya watu walioishi na stresi muda mrefu, wakiwemo askari waliotoka vitani. Wala sikushangaa. Lakini nikipima mwenyewe, kwa mzani wangu, kukesha na Bosi kulinichosha mwili. Kumficha ndiko kulikonifikisha kwenye ile chupa. Ningekuwa nimeshamwambia hata mtu mmoja, siku ile ningempigia simu nikasema, "Dada wa kazi ameondoka, njoo ukae naye masaa matatu." Sikuwa na wa kumpigia kwa sababu kila mtu nilishamwambia mtoto amelala.

Kwa hiyo kama una rafiki au ndugu mwenye mtoto kama Bosi, usimuulize ataongea lini. Hajui, na swali hilo anajiuliza kila asubuhi. Muulize mtoto anapenda nini na anaogopa nini, halafu jitolee saa moja. Moja tu. Yeye ataenda kuoga au atalala sakafuni, usimpangie. Na wewe mzazi ambaye umefika pale nilipofika mimi na chupa mkononi, iweke chini, toka nje ya chumba, piga simu kwa mtu. Yeyote yule.

Mwezi uliopita tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu. Tulienda na Bosi. Alikaa chini ya meza, hedifoni za kuzuia kelele masikioni, vizibo vyake mstari mrefu mpaka kwenye miguu ya wageni. Mama mmoja wa upande wa wakwe akainama kumchungulia, akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto ana nini?"

Meza ikanyamaza. Kabla sijafungua mdomo mama yangu akawahi.

"Ana usonji. Na hivyo vizibo usivisogeze, vina mwenyewe."

Yule mama akavuta mguu taratibu, akaendelea kula. Saa mbili usiku Baba Bosi akakusanya vizibo kwenye mfuko, kimoja kimoja kwa mpangilio, akambeba wakaondoka. Ilikuwa Ijumaa, zamu yake. Mimi nikabaki nikacheza.